Kliniki iliyousikiliza moyo wa Bosco

Asubuhi ya Jumanne moja mwezi wa Mei, mbwa wangu Bosco alianguka mlangoni akiwa na kiatu changu mdomoni. Kila siku huniletea kiatu hicho nikiamka. Hakulia. Miguu ya nyuma ilimlegea, akalala ubavu, kiatu kikamdondoka. Nilimshika kichwa nikihesabu, na nilipofika ishirini hivi akainuka, akakitafuta kiatu chake. Fizi zake zilikuwa nyeupe kama karatasi.

Bosco ni Boxer, ana miaka 10 na kilo 31. Nilimlea tangu akiwa na miezi 3, nilipokuwa nikifanya kazi kwa familia moja kule Lavington, Nairobi. Walipohamia Kanada waliniuliza kama ningebaki naye, nikasema ndiyo kabla swali halijaisha. Sasa tunaishi Kawangware, mimi nikishona nguo, yeye akilala kando ya kanyagio la cherehani. Wateja wangu wengi wanamjulia hali kabla hawajanijulia mimi.

Hiyo Jumanne haikuwa mwanzo wa ugonjwa. Wiki mbili kabla yake tumbo lilikuwa limeanza kujaa huku mgongo ukikonda, mifupa ya nyonga ikaonekana. Nilimpeleka mahali fulani ambapo sitapataja. Walimpa dawa ya minyoo. Niliporudi baada ya siku tano, tumbo likiwa limezidi, wakampa dawa ya kukojoza, na jumla nililipa shilingi 6,300. Hakuna aliyemwekea stetoskopu kifuani, mara ya kwanza wala ya pili. Naliandika hili kwa uchungu kwa sababu baadaye nilielezwa kuwa dawa ile ya kukojoza ndiyo iliyomsogeza karibu na kuanguka, na nitaeleza kwa nini.

Kliniki ninayoisifu hapa iko upande wa Westlands, ghorofa ya chini, lango jeusi. Nilielekezwa na askari wa nyumba moja ya Gitanga Road ambaye mbwa wa tajiri wake, German Shepherd, alitibiwa pale. Kufika kwenyewe kulikuwa kazi. Madereva wawili wa teksi walimwona Bosco wakaghairi safari. Wa tatu alisema, "Mathe, tandika shuka tu twende," akatutoza 800, na akanisaidia kumnyanyua.

Binti wa mapokezi hakuanza na fomu wala na pesa. Aliinua mdomo wa Bosco, akabonyeza fizi kwa kidole, akaangalia rangi inavyochelewa kurudi, akaenda mbio kumwita daktari. Jina langu nilikuja kuulizwa nusu saa baadaye. Kwangu mimi hapo tu walishaanza kustahili sifa.

Daktari ni mwanamke, wa makamo ya mdogo wangu wa mwisho. Aliweka stetoskopu upande wa kushoto, akaihamishia kulia, huku mkono mwingine ukishika mshipa ndani ya paja la nyuma. Kisha akanivalisha mimi stetoskopu hiyo. "Mama Brian, sikiliza. Niambie unasikia nini." Nilisikia kitu cha mbali, kama mtu anayetwanga nyumba ya tatu na milango yote imefungwa. Akaenda akaleta mbwa mwingine aliyekuwa amelazwa kwa ajili ya mguu, mdogo kuliko Bosco, nikasikiliza na huyo. Ule moyo ulinigonga masikioni kama uko mkononi mwangu. Basi nikaelewa kwamba wangu ana kitu kimeuziba sauti.

Chumba cha ultrasaundi kina pazia zito na meza yenye tundu, mbwa hulazwa kwa ubavu na kifaa kikapitishwa chini yake. Walimnyoa kiraka kidogo, wakampaka jeli. Kwenye kioo nikauona moyo wa Bosco, na kuuzunguka pande zote, weusi. "Huo weusi ni maji," akasema. Moyo ulikuwa unayumba ndani yake kama mtungi unaoelea kisimani. Kila ulipopiga, ukuta wa chumba cha juu cha kulia ulibonyea kwa ndani.

Nitaeleza kama nilivyoelezwa, kwa sababu mwenye mbwa yeyote wa umri huu anafaa kulijua jambo hili. Moyo umevikwa mfuko. Mfuko huo hautanuki haraka, kwa hiyo maji au damu yakijaa humo, kinachominywa ni moyo. Upande wa kulia ndio wenye kuta nyembamba na ndio unaoshindwa kwanza. Damu inayorudi kutoka mwilini inakosa pa kuingia, inarundikana nyuma kwenye ini na mishipa ya tumbo, na maji yanavuja tumboni. Tumbo la Bosco lilijaa kwa sababu ya moyo. Na moyo uliominywa hivyo unategemea msukumo wa damu inayorudi ili ujae hata hicho kidogo. Ukimpa mbwa huyo dawa ya kukojoza unapunguza msukumo huo, damu inayotoka inapungua zaidi, naye anaanguka mlangoni na kiatu mdomoni. Nililia pale mezani. Daktari alinipa karatasi ya kujifutia, akangoja, halafu akasema tunahitaji kuyatoa yale maji saa hiyo hiyo, nikatia sahihi.

Waliniruhusu nikae upande wa kichwa. Ngozi ilichomwa sindano ya ganzi, halafu katheta, mrija mwembamba, ikapita katikati ya mbavu upande wa kulia. Nikauliza kwa nini kulia ilhali moyo uko kushoto. Akanijibu huku macho yako kwenye kioo: upande huo pafu lina pengo linaloacha moyo wazi, na mishipa mikubwa inayoulisha moyo haiko njiani sana. Yalitoka mililita 420, mekundu mazito kama maji ya bitiruti. Kwanza alitia kidogo kwenye chupa nyembamba akaisimamisha, tukaitazama. Damu ingekuwa imetoka ndani ya moyo wenyewe, au kwenye jeraha linalovuja saa ile, ingeganda. Hii haikuganda. Akaendelea kuvuta. Kwenye mashine mapigo yalikuwa 172, yakashuka polepole hadi 110 na kitu, na Bosco, aliyekuwa ameweka shingo mezani kama mzigo, akainua kichwa akanitafuta. Kile kimkia chake kilichokatwa kikaanza kutikisika.

Tumbo halikuguswa. Nilitaka walitoboe nalo lakini daktari alikataa, akaniambia moyo ukipata nafasi figo zitayamaliza yale maji zenyewe. Ilikuwa kweli. Siku tatu za kukojoa, kiuno kikarudi.

Maji yalipotoka ndipo uvimbe ulipoonekana. Uko kwenye kitako cha moyo, ambacho kwa kweli kipo juu, pale aota, mshipa mkubwa wa kupeleka damu mwilini, na mshipa mkubwa wa kwenda mapafuni vinapotokea, wa sentimita 3.9, ukubwa wa ndimu ya wastani. Hapa ndipo kliniki hii ilinishinda kwa uaminifu. Daktari alifunga mashine, akageuza risiti ya duka iliyokuwa mezani, akachora moyo kwa kalamu. Karatasi hiyo ninayo, nimeibandika ukutani juu ya meza ya kukatia.

Akaweka alama ya kwanza kwenye chumba cha juu cha kulia. Hapo, akasema, ndipo inapopenda kukaa hemanjiosakoma, saratani ya mishipa ya damu, ndiyo inayoonekana zaidi kwenye mioyo ya mbwa, hasa German Shepherd na Golden Retriever. Inavuja damu, inasambaa mapema mapafuni na kwenye wengu, na mara nyingi kinachobaki ni wiki au miezi michache. Akaweka alama ya pili kwenye kitako, ulipo uvimbe wa Bosco. Huu wa pili kwa wingi unaitwa kemodektoma, na wenye kuupata zaidi ni mbwa wa pua fupi, Boxer, Boston Terrier na Bulldog, wakishazeeka. Hukua polepole. Hutambaa na kung'ang'ania mishipa mikubwa, lakini mara nyingi hausambai mbali haraka. "Sitakuapia mpaka kipande kipimwe maabara," akaniambia. "Hata yale maji tuliyotoa, seli zake mara nyingi hazitoboi siri. Lakini mahali ulipo na aina ya mbwa vinanielekeza huku."

Niliuliza uvimbe huo umetokana na nini. Nilivyoelewa, pale juu ya moyo kuna vifundo vidogo vya seli ambavyo kazi yake ni kuonja damu: ina oksijeni kiasi gani, hewa chafu kiasi gani, uchachu wake ukoje. Vingine kama hivyo viko shingoni, pale ateri inapogawanyika. Vikionja upungufu huupigia ubongo kelele, mbwa apumue zaidi. Seli hizo ni binamu wa zile za ndani ya tezi za adrenali, zilizo karibu na figo, zinazotoa adrenalini. Ukoo mmoja, shamba mbalimbali. Zile za kwenye moyo zikivimba kwa mbwa, kwa kawaida hazimwagi homoni, shida yake ni kubana na kujaza maji. Zile za adrenali zikivimba humwaga adrenalini ovyo, mbwa anahema usiku bila sababu, anatetemeka, moyo unamwenda mbio, presha inapanda, kisha anatulia kana kwamba hakuna kitu. Na pia kuna uvimbe wa aina nyingine hapo hapo kitakoni mwa moyo unaotokana na tezi ya thairoidi, maana mtoto wa mbwa akiwa tumboni tezi hiyo huteremka na chembe zake zinaweza kubaki kifuani.

Kuhusu pua fupi, alisema kuna wanaodhani kwamba kukosa hewa ya kutosha miaka yote kunazilazimisha zile seli za kuonja kufanya kazi kupita kiasi hadi zizaane, na kurithi kutoka kwa wazazi nako kuna mchango wake. Nilimkumbuka Bosco anavyokoroma chini ya cherehani, na mimi nikimwambia mteja kwa fahari kwamba hata redio haisikiki. Tangu siku hiyo mkoromo huo nausikia tofauti.

Kwa sababu ya huo ukoo wa tezi, hakuishia kifuani. Alipapasa shingo yote, akamgeuza akazitazama adrenali zote mbili kwa ultrasaundi, akampima presha kwa kitambaa kidogo kwenye mguu wa mbele mara tano, akitupa kipimo cha kwanza kwa kuwa mbwa huwa na woga. Akaniuliza maswali ya usiku: anahema ghafla? Anaamka akizungukazunguka? Anakunywa maji kupita zamani? Alieleza kwamba mbwa wenye uvimbe huu wakati mwingine hukutwa na uvimbe kwenye tezi nyingine. Bosco alikuwa safi. Eksirei ya mapafu nayo ikatoka safi.

Siku hiyo nilitozwa hivi: kuonwa na daktari 2,500, ultrasaundi pamoja na tumbo 7,500, eksirei 5,000, kutoa maji 14,000. Jumla 29,000. Nilikuwa na 12,000 kwenye M-Pesa. Waliniandikia awamu tatu kwenye karatasi yenye muhuri, wala hakuna aliyenitazama kwa dharau.

Sasa kasoro zao, maana zipo. Wiki ya tano maji yalirudi, na yalirudi usiku. Saa tano Bosco alikataa nyama, fizi zikapauka, nikajua. Nambari ya dharura iliyoandikwa kwenye kadi yao niliipigia mara nne, ikaita mpaka ikakatika. Mara ya tano, dakika ishirini tangu nianze kupiga, ikapokelewa. Kwa mgonjwa wa aina hii dakika ishirini ni nyingi mno, na niliwaambia hivyo kesho yake nikiwa bado natetemeka. Daktari mwenyewe alipopata habari alifika kabla ya saa moja kwisha, akiwa na kandambili, akatoa mililita 380. Baada ya malalamiko yangu waliongeza nambari ya pili, nami nimeijaribu usiku mmoja, ikapokelewa mara ya kwanza. Vigae vya mapokezi vinateleza, mbwa mzee anatawanya miguu. Na kwenye bili moja nilikuta "matumizi mengineyo" 3,200. Nilipouliza walinionyesha kimoja kimoja, katheta, glavu, nyuzi, lakini ingeandikwa hivyo tangu mwanzo.

Maji yaliporudi mara ya pili ndipo lilipoletwa suala la upasuaji. Hawaung'oi uvimbe, umekumbatia mishipa ambayo ukiikata mbwa anakufa mezani. Wanachofanya ni kuondoa sehemu kubwa ya ule mfuko wa moyo, ili maji yakivuja yaende kifuani kwenye nafasi pana, yafyonzwe, yasiubane moyo tena. Nilimwomba anipe idadi, si matumaini. Akanitajia utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, mbwa 24 wenye uvimbe huu: walioondolewa mfuko, nusu yao waliishi zaidi ya siku 730, na wasioondolewa, nusu hawakuvuka siku 42. Hapo hapo akaongeza kwamba mbwa 24 ni wachache na kila mbwa ni mbwa wake. Akasema pia kwamba kuna mionzi, na kuna tembe za saratani ziitwazo toceranibu, lakini yeye hapo hana hicho wala hicho, na hataki nikae nikingoja kitu ambacho hawezi kunipa.

Gharama ilikuwa 135,000. Nyumbani kwangu neno hilo lilikuwa zito. Brian, mwanangu, ana miaka 22 na anatafuta karo ya mwaka wa mwisho. "Mum, hii pesa yote ni ya mbwa?" Sikumkasirikia, ana haki ya kuuliza. Nilimwambia ukweli: mwaka niliompoteza baba yake, aliyekuwa akiamka nami saa tisa usiku alikuwa Bosco. Tulikaa kimya. Kesho yake Brian ndiye aliyewaandikia wale wa Kanada, na wao wakatuma 60,000 siku ile ile. Zamu yangu ya chama ilikuwa ya Septemba, wenzangu wakaniachia ya Julai. Kilichobaki nakilipa kwa awamu mpaka leo, na karo ya Brian haijaguswa.

Upasuaji ulichukua saa mbili na nusu. Walimweka mpira wa kutoa maji kifuani kwa siku mbili. Ratiba yao inasema wageni watoke saa kumi na mbili jioni, lakini mimi niliachwa hadi saa tatu usiku, nikiwa nimeketi sakafuni mkono ukiwa ndani ya kizimba. Mlinzi alikuwa akiniletea chai ya rangi. Kipande kilichotumwa maabara kilirudi baada ya siku 12: kemodektoma. Daktari alinipigia mwenyewe, akanisomea majibu yote, neno kwa neno, na pale nisipoelewa akarudia.

Leo ni mwezi wa tano tangu aanguke. Uvimbe ulipopimwa mwisho ulikuwa sentimita 4.1. Anakula mara mbili, anatembea mpaka kwa mama mboga na kurudi, kamba imefungwa kifuani na si shingoni, kwa ushauri wa daktari. Nimeambiwa nihesabu pumzi zake akiwa amelala. Zikizidi 30 kwa dakika nipige simu, maana maji sasa yanaweza kukaa kifuani na kubana mapafu. Usiku huu nimehesabu 22.

Kama una Boxer au Bulldog aliyevuka miaka 7, na ukaona tumbo linajaa huku mgongo unakonda, au akazimia hata kwa sekunde chache, omba moyo usikilizwe kabla hujakubali dawa yoyote ya kukojoza. Pale wana huduma ya moyo Jumanne na Ijumaa. Nenda asubuhi, mchana foleni ya chanjo hujaza benchi zote. Beba shuka nene kutoka nyumbani, meza ile yenye tundu ni ya bati na mbwa hulala juu yake karibu nusu saa.